Akiba ya Mama kwa Mtoto Mchanga

Siku ya kwanza ya kliniki, ukishapimwa uzito, presha na wingi wa damu, muuguzi atafungua kadi mpya na kukuuliza swali ambalo wengi hulijibu kwa kubahatisha: "Sindano ya pepopunda umeshachoma ngapi?" Mwenye mimba ya kwanza ana nafuu, atasema hajawahi. Mwenye watoto watatu ndiye huanza kuhesabu kwa vidole. Moja alichomwa Kiomboi, nyingine mjini alipokuwa kwa shemeji, na ile ya tatu hana hakika kama ilikuwa ya pepopunda au ya kitu kingine. Kadi je? Ilikuwa juu ya kabati, panya wakaifanya tandiko. Basi muuguzi anaandika "ya kwanza", na hesabu yote inaanza upya.

Nawaandikia akina mama wa Singida, kuanzia Manyoni na Itigi hadi Nduguti. Nawaandikia pia waume na mama wakwe, maana katika nyumba nyingi hao ndio wenye kauli ya mwisho kuhusu nani aende kliniki na lini. Sindano hiyo ya begani huwa tunaiita sindano ya mama. Ukweli ni kwamba ndiyo chanjo ya kwanza ya mtoto, ila anaipokea kabla hajazaliwa.

Wafugaji wataelewa haraka kuliko wote. Ng'ombe akizaa, unahakikisha ndama ananyonya dang'a siku hiyohiyo. Asiponyonya, hata kama amesimama vizuri kwa miguu yake minne, baada ya siku chache anaharisha, anadhoofika, unampoteza. Sababu ni kwamba kondo la ng'ombe halipitishi kinga ya mama kwenda kwa ndama. Ndama huzaliwa mtupu, na kinga yake yote hutoka kwenye dang'a, tena katika saa chache za mwanzo, kabla utumbo wake haujafunga mlango.

Binadamu ameumbwa tofauti. Kondo la mwanamke huchukua kingamwili kutoka kwenye damu ya mama na kuzipeleka kwenye damu ya mtoto, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Mtoto aliyetimiza siku zake huzaliwa na akiba iliyo tayari. Mtoto njiti huzaliwa na akiba pungufu kwa sababu ameondoka kabla mzigo haujamalizika kupakiwa. Jambo hili lilianza kueleweka mwaka 1892, pale mwanasayansi wa Ujerumani Paul Ehrlich alipowabadilisha watoto wa panya kati ya mama waliokingwa na wasiokingwa, akaona kwamba kinga hupita tumboni na pia kwenye maziwa. Mwaka 1961 madaktari waliokuwa New Guinea walionyesha kwamba wajawazito wakichanjwa pepopunda, watoto wao hawafi kwa ugonjwa huo.

Lakini kondo haliwezi kupeleka kitu ambacho mama hana. Kama damu yako haina kinga ya pepopunda, mtoto hatazaliwa nayo, hata ukila vizuri namna gani. Yapo pia mambo yanayopunguza mzigo njiani. Virusi vya Ukimwi hupunguza kingamwili zinazovuka, na malaria iliyojikita kwenye kondo inaweza kufanya hivyo. Kwa hiyo chandarua, vidonge vya SP vya kuzuia malaria unavyomeza mbele ya muuguzi, kipimo cha VVU na dawa zake kwa anayezihitaji, vyote vinamsaidia mtoto kupata akiba yake. Usivione kama shughuli za pembeni.

Kwa nini pepopunda?

Kwa sababu vimelea vyake vinaishi kwenye udongo na kwenye samadi, na Singida ni nchi ya zizi na jembe. Mbegu za vimelea hivyo hukaa ardhini miaka mingi bila kufa. Ndui ilitokomezwa duniani, ikatangazwa hivyo mwaka 1980. Pepopunda haiwezi kutokomezwa namna hiyo, kwa kuwa hakuna wa kuichanja ardhi. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imeidhibiti pepopunda ya mama na mtoto mchanga, yaani wagonjwa wachanga wawe chini ya mmoja kwa kila watoto hai 1,000 wanaozaliwa katika kila wilaya. Ukiacha kuchanja, itarudi, kwa sababu haijaenda popote.

Mtoto huingiliwa kupitia kitovu. Wembe uliotumika, uzi mchafu, majivu, udongo, samli au kinyesi cha ng'ombe kilichopakwa ili kitovu kikauke upesi, vyote ni njia. Siku mbili za kwanza mtoto yuko salama, analia, ananyonya. Kisha, mara nyingi kati ya siku ya tatu na ya 14, anaanza kushindwa kunyonya. Taya limekaza, midomo imejikunja kama anayetabasamu kwa maumivu. Ukimgusa, au mlango ukigongwa, mwili wote unakakamaa na mgongo unajipinda kama upinde.

Wazee wengi wakiona hivyo husema degedege, na kwa degedege kuna mganga. Kosa hilo limewazika watoto. Mtoto mchanga aliyenyonya vizuri kisha akashindwa kunyonya na kuanza kukakamaa anapelekwa hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku, iwe mvua. Asiyetibiwa hufa karibu kila mara. Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watoto wachanga 787,000 walikufa kwa pepopunda duniani. Mwaka 2018 makadirio yalikuwa 25,000. Chanjo ya akina mama na uzazi salama ndivyo vilivyoishusha hesabu hiyo.

Hesabu ya sindano tano

Kwenye kadi za zamani utaona TT, yaani chanjo ya pepopunda peke yake. Siku hizi ni Td, ambayo ndani yake kuna pepopunda na dondakoo. Zinahesabika pamoja, hivyo ukiwa na TT mbili za zamani, Td ya leo ni ya tatu.

Sindano ya kwanza huchomwa mara unapofika kliniki. Peke yake haikulindi, inaufundisha mwili tu. Ya pili huchomwa baada ya wiki nne au zaidi, nayo ndiyo inayoleta kinga ya kweli, kama miaka mitatu. Inatakiwa ipite angalau wiki mbili kabla ya kujifungua ili mwili wako utengeneze kinga na kondo lipate muda wa kuihamisha. Ya tatu, miezi sita baada ya ya pili, huongeza kinga kufikia angalau miaka mitano. Ya nne, mwaka mmoja baadaye, miaka kumi. Ya tano, mwaka mwingine tena, inakutosha kwa umri wako wote wa kuzaa.

Tukokotoe mfano. Uko Ikungi, umeanza kliniki tarehe 10 Januari, mimba ina miezi mitatu na nusu. Sindano ya kwanza siku hiyo. Ya pili kuanzia tarehe 7 Februari. Hapo ndipo watu wengi wa mkoa huu wanapopotea, kwa sababu Februari ni mwezi wa kupalilia na makorongo yamejaa maji. Mama anasema ataenda mvua zikipungua, na mvua zinapungua Aprili. Kwa mimba hii ya mfano Aprili bado si kuchelewa sana, lakini kwa aliyeanza kliniki mimba ikiwa ya miezi saba, wiki nane zilizopotea ndizo zote alizokuwa nazo. Anza mapema, mara unapojua. Mahudhurio yanayopendekezwa sasa ni manane, na la kwanza liwe kabla ya wiki ya 12.

Twende mbele. Umejifungua salama tarehe 1 Julai. Sindano yako ya tatu inaanza kustahili tarehe 7 Agosti. Mtoto anatakiwa kliniki akiwa na wiki sita, yaani tarehe 12 Agosti. Nenda siku hiyo moja umalize yote mawili. Hakuna atakayekukumbusha, maana siku hiyo macho yote yako kwa mtoto, na wewe si mjamzito tena. Sema mwenyewe: "Nesi, na mimi nina sindano yangu ya tatu." Ya nne unaweza kuichoma utakapompeleka mtoto chanjo ya miezi 18, na ya tano mwaka unaofuata au mimba ikija.

Ukichelewa, hata kwa miaka, hesabu hairudi mwanzo. Unaendelea pale ulipoishia. Kinachorudisha hesabu mwanzo ni kukosa kadi. Na ukichomwa zaidi ya zinazotakiwa kwa sababu ya kumbukumbu kupotea, mimba haidhuriki, mkono tu unaweza kuuma zaidi.

Kama ulichanjwa utotoni na mama yako bado ana kadi yako, nenda nayo pia. Usidhani tu kwamba sindano za utotoni zinatosha, kwa sababu kinga ile hupungua na miaka. Vilevile aliyewahi kuugua pepopunda akapona hapati kinga kutokana na ugonjwa wenyewe. Naye anachanjwa.

Maswali ya barazani

Je, inaumiza mimba? Ndani ya kichupa hakuna kimelea kilicho hai. Kuna sumu ya kimelea iliyovunjwa makali, isiyoweza kuleta ugonjwa bali kuufundisha mwili tu. Inaweza kutolewa mwezi wowote wa mimba. Begani patauma siku moja hadi tatu, pengine patavimba kidogo, pengine utapata joto la mwili. Maji ya kunywa, mapumziko na paracetamol vinatosha. Chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua na rubella, ndizo asizopewa mjamzito. Mwambie muuguzi kwamba una mimba hata kama haijaonekana, hasa ikipita kampeni ya chanjo kijijini.

Je, inafunga kizazi? Uvumi huu ulishika moto mwaka 2014 nchini Kenya, pale maaskofu wa Kanisa Katoliki walipoitilia shaka kampeni ya pepopunda kwa wanawake. Serikali ya Kenya na Shirika la Afya Duniani wakakanusha, lakini maneno yalishavuka mipaka, na mpaka leo utayasikia kwenye daladala. Mimi jibu langu huwa ni la sensa. Wajawazito wa Tanzania wamekuwa wakichomwa sindano hii kwa miongo. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Singida na watu takriban milioni 1.37. Sensa ya 2022 ikaukuta na watu zaidi ya milioni 2. Kama ni dawa ya kufunga kizazi, basi ni dawa mbovu kuliko zote zilizowahi kuletwa Singida.

Mbona ndugu yangu aliye Uingereza amechomwa za kifaduro na nyingine? Ni kweli. Huko wajawazito hupewa chanjo ya kifaduro tangu 2012, siku hizi kuanzia wiki ya 16 ya mimba, na tangu Septemba 2024 hupewa pia ya kirusi cha RSV kinachobana vifua vya wachanga, kuanzia wiki ya 28. Kwetu sindano ya kawaida ya mjamzito ni hiyo ya pepopunda na dondakoo. Maana yake ni kwamba mtoto wa Singida anasubiri hadi wiki sita ndipo apate kinga yake ya kwanza dhidi ya kifaduro. Ndiyo sababu sikubaliani na desturi ya kumfungia mtoto ndani hadi miezi mitatu "ili akomae". Kumkinga na wageni wenye kikohozi ni sawa kabisa. Kumkosesha chanjo ya wiki sita ni kumwacha wazi katika umri ambao kifaduro huua.

Siku ya kujifungua na kitovu

Jifungulie kituoni. Kama nyumbani kwako ni mbali na barabara hukatika wakati wa mvua, hamia mapema kwa ndugu aliye karibu na hospitali, au uliza kama kituo chako kina nyumba ya wajawazito kusubiria. Wanaoishi pande za Mtinko, Makiungu, Iambi au Itigi wana hospitali za mashirika ya dini karibu, na mjini iko hospitali ya rufaa ya mkoa. Panga na mumeo nauli na mtu wa kubaki na watoto kabla ya mwezi wa mwisho.

Uchungu ukikuwahi nyumbani, wembe uwe mpya, ufunguliwe kwenye karatasi yake wakati huohuo. Mikono ioshwe kwa sabuni. Kitovu kifungwe kwa uzi safi. Baada ya hapo usipake kitu chochote isipokuwa dawa uliyopewa na muuguzi. Kiache kikae wazi na kikavu, nepi ikunjwe chini yake, nacho kitakauka na kudondoka chenyewe. Bibi akileta kikombe cha mafuta, mpokee kwa adabu, mshukuru, na umwombe asaidie kumbeba mtoto. Ugomvi wa kitovu haufai kuanzia siku ya kwanza. Kisha mpeleke mtoto kituoni akaangaliwe, hata kama anaonekana mzima.

Ndani ya saa moja mtoto awe amenyonya. Maziwa ya kwanza, mazito na ya njano, watu wengine huyakamua na kuyamwaga wakisema ni machafu. Yale ndiyo dang'a yako. Tofauti na ndama, mtoto wa binadamu haingizi sana kinga hiyo kwenye damu, kwa kuwa ya damu alishaipata tumboni. Ya kwenye maziwa hutanda kooni na tumboni, ikizuia vijidudu vya kuharisha visishike. Kwa hiyo ana akiba mbili, na moja haiwezi kufanya kazi ya nyingine. Ukimpa maji, asali au uji kabla ya miezi sita, unamletea vijidudu na kumpunguzia nafasi ya maziwa.

Akiba inapoanza kuisha

Kinga aliyopewa na mama haikai milele. Inapungua wiki hadi wiki, kama mtama kwenye kihenge kuelekea mwezi wa pili. Ratiba ya chanjo za watoto imepangwa kwa kulitazama jambo hilo. Akizaliwa hupata BCG ya kifua kikuu begani na matone ya polio. Kwenye BCG patatoka kipele, kitapasuka na kuacha kovu. Usipake dawa. Wiki ya sita, ya kumi na ya 14 hupata sindano ya chanjo tano kwa pamoja, yaani dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na homa ya uti wa mgongo ya Hib, pamoja na chanjo ya nimonia na matone ya polio. Matone ya kuharisha ya rota hutolewa wiki ya sita na ya kumi.

Akina mama huniuliza kwa nini surua inasubiri hadi miezi tisa. Wakati ule wa mwanzo kingamwili zako zilizo kwenye damu ya mtoto zingeikamata chanjo na kuimaliza kabla mwili wake haujajifunza kitu. Inasubiriwa akiba yako ipungue vya kutosha. Lakini ikishapungua, mtoto yuko wazi, na surua haina subira. Kwa hiyo miezi tisa ikitimia, nenda wiki hiyo. Ya pili ni miezi 18, ambayo ndiyo husahaulika zaidi kwa sababu mtoto anakimbia na haonekani kuhitaji kliniki.

Uliza mapema siku za chanjo za zahanati yako. Kichupa cha BCG au cha surua kikishachanganywa hakitumiki zaidi ya saa sita, na kimoja kina dozi za watoto wengi, ndiyo maana vituo vingi hupanga siku maalumu ili watoto wakusanyike. Ukiwa umetembea saa mbili na mtoto mgongoni kisha ukaambiwa urudi Jumatano, hasira yako ina haki. Omba tarehe iandikwe kwenye kadi, na uombe namba ya simu ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji chako umpigie kabla ya kutoka nyumbani.

Wanaohama na mifugo wasidhani kwamba kliniki ni ile ya mwanzo tu. Kituo chochote cha serikali nchini kitaendeleza hesabu ilipoishia, ilimradi kadi iko mkononi.

Na kadi hiyo, panya wameshapewa za kutosha. Iweke kwenye kopo la bati lenye mfuniko, kadi yako na za watoto pamoja. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, lakini maduka ya vifaa vya shule huuza bahasha ngumu za plastiki zinazofaa. Kisha mpe kijana mwenye simu aipige picha pande zote mbili, tarehe zisomeke, na aitume kwa mumeo na kwa dada yako. Rudia kila baada ya sindano mpya.